Potifolio ya kidijitali chuoni: maswali mnayoniuliza kila muhula

Foleni mlangoni pa ofisi yangu huanza wiki ya pili ya muhula, na maswali ni yale yale. Mwaka huu nimeamua kuyajibu kwa maandishi ili anayefika mlangoni aje na swali jipya. Ninafundisha walimu watarajiwa wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, kwa hiyo mifano mingi ni ya darasani. Walio katika uuguzi, uhandisi au usanifu majengo wageuze mifano iwafae. Maswali ya wahadhiri wenzangu yako kuelekea mwisho. Wanafunzi mnaruhusiwa kuyachungulia.

Potifolio ya kidijitali ni nini hasa?

Ni mkusanyo wa kazi zako za masomo, uliouchagua mwenyewe, unaokaa mtandaoni au kwenye faili zako, na kila kazi ina maneno yako pembeni yanayoeleza ulikuwa unajaribu kufanya nini, kilitokea nini na kilikufunza nini. Kazi yenyewe inaweza kuwa insha, picha, rekodi ya sauti, mchoro, msimbo wa programu, hata ukurasa wa daftari uliopigwa picha. Ondoa yale maneno ya pembeni, na kilichobaki ni stoo.

Kama umewahi kubeba logibuku ya atachimenti, yaani daftari la mazoezi ya kazini, nusu ya jambo hili unaijua. Logibuku inasema Jumatatu ulifanya hiki, Jumanne kile, msimamizi akatia sahihi. Haikuulizi kwa nini Jumanne ulifanya tofauti na Jumatatu. Tena tusidanganyane, sote tunajua logibuku ngapi hujazwa usiku mmoja, wiki ya mwisho, kwa kalamu tatu za rangi tofauti.

Tuiite potifolio, jalada au mkoba wa kazi?

Yote nimeyasikia. Mimi hutumia potifolio kwa sababu watoto wa shule za msingi tayari wanalo neno hilo mdomoni tangu mtaala wa umilisi, ule wa CBC, uanze. Ukiandika jalada sitakukata alama.

Kwani hii si wasifukazi tu, au LinkedIn?

Kwenye wasifukazi utaandika "nina ujuzi wa kufundisha sarufi", na msomaji hana budi kukuamini. Kwenye potifolio unamwekea somo lenyewe: maandalio, picha ya ubao, madaftari ya wanafunzi, na ulichobadilisha wiki iliyofuata. LinkedIn ni ukumbi wa kujitangaza. Si vibaya, lakini sijaona mtu akiweka huko kipindi kilichomshinda.

Tuna CAT (majaribio ya katikati ya muhula), tuna mitihani. Hii kazi ya ziada ni ya nini?

Mtihani wa saa 2 hupima unachokumbuka siku hiyo, na yako mambo yanayopimika vizuri hivyo. Kufundisha, kuuguza, kubuni jengo au kuendesha mahojiano hayamo. Isitoshe, nyote mnajua mwakenya ni nini, kile kikaratasi cha kuibia mtihani. Mwakenya hufaa kwa sababu jibu ni lile lile kwa kila mtu. Hakuna kikaratasi cha kuficha kwenye soksi kitakachokueleza kwa nini wewe, Jumanne ile, uliacha mpango wa somo katikati ukashika njia nyingine.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1983 Donald Schön, aliyekuwa akifundisha chuo cha MIT huko Marekani, alieleza jinsi wataalamu wanavyojifunza kwa kuifikiria kazi yao wakiwa ndani yake, na tena baadaye ikishapita. Mwaka uliofuata David Kolb akaja na duara lake la kujifunza kutokana na tajriba. Na mwaka 2016 jumuiya ya vyuo vya Marekani iitwayo AAC&U iliongeza potifolio za kidijitali kwenye orodha yake ya mbinu zinazowafaa sana wanafunzi wa vyuo. Orodha hiyo ilikuwa na mbinu 10 tangu 2008. Hii ikawa ya 11.

Hapa nyumbani msukumo unatoka chini kupanda juu. Watoto wa mtaala wa umilisi wamezoea kuhifadhi kazi zao tangu wakiwa wadogo. Kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na vyuoni linatarajiwa 2029. Vyuo vya kiufundi navyo vimetupita: mwanagenzi wa ufundi bomba au upishi hukusanya ushahidi wa kazi yake, picha na hati, ndipo apimwe. Sisi wa vyuo vikuu ndio bado tunabeba karatasi za majibu kwenye magunia.

Niweke kila kitu nilichofanya?

Hapana. Mimi huomba kazi 6 kwa muhula, zisizidi. Kuchagua ni sehemu ya mtihani, maana huwezi kuchagua bila kujiuliza kipi kilikubadilisha.

Nitawaeleza potifolio moja, kwa idhini ya mwenyewe. Mwanafunzi huyu alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya kutwa huko Eastlands, akifundisha ngeli katika Kidato cha Pili. Ingizo lake la kwanza lilikuwa na maandalio ya somo, picha ya ubao wenye mwandiko mzuri ajabu, na sentensi mbili: "Somo lilienda vizuri. Wanafunzi walielewa." Nikamwandikia pembeni neno moja: Ulijuaje?

Alikasirika, alikuja kuniambia baadaye. Hata hivyo alirudi kwenye madaftari. Alikuwa amepiga picha kurasa 12 za zoezi, majina yakiwa yamefunikwa kwa kipande cha karatasi, akazipanua moja moja kwenye simu. Kurasa 9 kati ya hizo zilikuwa na "maji imemwagika" au kitu cha jinsi hiyo. Na pale ubaoni, kwenye picha ile ile iliyokuwa imemfurahisha, ngeli ya YA-YA ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mistari miwili. Ingizo la pili lilianza hivi: "Walinakili ngeli kama mtu anayenakili namba ya simu. Nje ya darasa hakuna anayesema maji yamemwagika. Hata mimi nikifika kibanda cha maji nasema maji imeisha."

Kipindi kilichofuata alikianzia hapo kibandani. Wanafunzi waliandika mazungumzo ya watu wawili wanaopanga foleni ya mitungi, vile vile wanavyoyasikia mtaani. Kisha wakayageuza kuwa barua kwa chifu ya kulalamikia ukosefu wa maji, na wakazungushia kalamu nyekundu kila silabi iliyobadilika njiani kutoka foleni hadi ofisini kwa chifu. Picha za madaftari ya siku hiyo ziko chini ya ingizo. Makosa yamepungua, hayakuisha. "Mafuta" bado yaliwashinda, na ameandika hivyo bila kuficha.

Potifolio nzima ilikuwa na kazi 5 tu. Ilipata alama za juu kuliko ya mwenzake aliyeleta kazi 23 na picha za kupendeza za yeye akiwa ametabasamu mbele ya darasa.

Tafakuri iwe na maneno mangapi? Kuna muundo?

Maneno 150 hadi 300 kwa kila kazi yanatosha. Kuhusu muundo, wengi mmefundishwa duara la Graham Gibbs la mwaka 1988 lenye hatua 6: kilichotokea, ulivyohisi, kilichofaa na kisichofaa, sababu zake, hitimisho, na utakachofanya safari nyingine. Ni ngazi nzuri ya kuanzia. Kasoro yake ni kwamba kufikia wiki ya 4 mnaijaza kama fomu ya HELB, ile ya mkopo wa masomo: nilihisi vizuri, kisha nilihisi vibaya, nitajitahidi.

"Nitajitahidi" nimeipiga marufuku darasani mwangu. Andika utakachofanya, lini, na kwa darasa gani. Ukikwama, jibu swali lile moja nililomuuliza yule mwenzenu wa Eastlands: ulijuaje? Kila unaposema jambo lilifaulu au lilifeli, nionyeshe ulipoliona. Ukurasa upi wa daftari, dakika ya ngapi ya rekodi, mgonjwa alisema nini, boriti ilipinda wapi.

Na kama una jambo la moyoni usilotaka mtu alisome, usiliweke. Tafakuri ya masomo si ungamo. Nimesoma maingizo yaliyonifanya nifunge kompyuta niende kumtafuta mwanafunzi, na nashukuru niliyasoma, lakini ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ni mahali pafaapo zaidi kuliko ukurasa unaotuzwa alama.

Naweza kuweka kazi niliyofeli?

Tafadhali iweke. Iweke pamoja na rasimu yake, alama zake na maoni ya mhadhiri, hata yale makali. Mwajiri akiiona ni swali jingine. Liko hapa chini.

Sina kompyuta. Nina simu, na bando ni pesa.

Wengi wenu mko hapo, na potifolio isiyowezekana bila kompyuta ni potifolio ya wenye nazo. Ila hesabu za MB mzijue.

Picha ya simu ya kawaida huwa na MB 3 hadi 5. Ukiipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, inashuka chini ya MB 1 na msomaji haoni tofauti. Video ndiyo inayokula: dakika 1 kwa ubora wa 1080p inaweza kupita MB 100. Sauti ni rahisi mno; kwa kiwango cha kbps 128, dakika 1 ni takribani MB 1. Kwa hiyo badala ya video ya dakika 5 ukieleza mchoro wako, piga picha ya mchoro, rekodi sauti ya dakika 5, uweke vyote viwili. Umetumia MB 6 mahali ambapo ungetumia mamia, na sisi tunaosikiliza tukiwa kwenye matatu ya kwenda Kikuyu tutakuombea dua.

Andika ukiwa nje ya mtandao, kwenye sehemu ya madokezo ya simu, kisha pakia ukifika chuoni. Kama chuo chako kimo katika eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa pamoja wa vyuo, akaunti yako ya chuo itakuunganisha hata ukiwa umetembelea chuo kingine kilichomo. Kwetu mtandao huwa mwepesi asubuhi sana na Jumamosi, watu wakiwa hawajafika.

Ukitumia kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini. Kila mwaka kuna anayesahau.

Na WhatsApp: ukimtumia mwenzako picha kama picha, inabanwa na maandishi madogo ya daftari hayasomeki tena. Itume kama hati.

Niiweke wapi? Moodle, Google Sites, Mahara, au wapi?

Chombo si muhimu kama mnavyodhani, lakini kuna tofauti. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa 2002, imetengenezwa kwa ajili ya kozi. Kozi ikifungwa, kazi yako inafungwa nayo. Mahara ilianzishwa New Zealand mwaka 2006 mahususi kwa potifolio, na inaweza kuunganishwa na Moodle. Jina lake ni la Kimaori, lenye maana ya kufikiri. Ni nzuri, ila inahitaji chuo chenye fundi wa kuitunza. Google Sites ni nyepesi na inafanya kazi kwenye simu kwa shida kidogo. Wa sayansi ya kompyuta watakwenda GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, na wana sababu: historia ya kila badiliko imo ndani yake. Wasanifu na wachoraji wana Behance, tovuti ya kuonyesha kazi za ubunifu. Na kabrasha la Google Drive lenye hati moja ya mwongozo inayounganisha faili zote linanitosha kabisa.

Linalonihusu zaidi ni nakala. Miaka kadhaa iliyopita, mahali fulani nilipokuwa nikifundisha, tuliweka potifolio kwenye mfumo mzuri uliolipiwa kwa pesa za mradi. Mradi ukaisha, ada ya seva haikulipwa, na Jumatatu moja kiungo kikawa kinafungua ukurasa mweupe. Kazi za wanafunzi 64, mihula 2. Tulipiga simu, tukaandika baruapepe, tukaambiwa nakala zilifutwa siku 30 baada ya malipo kukatika. Mwanafunzi mmoja alikuwa na kila kitu kwenye flashi kwa sababu hakuuamini mtandao wa mtaani kwao. Tulimcheka mwanzoni mwa mwaka.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni mahali 2, na kimoja kiwe mkononi mwako. Mwisho wa kila mwezi hamisha maandishi kuwa PDF, weka na picha zake kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu. Akaunti ya baruapepe ya chuo mara nyingi hufungwa ukishahitimu, kwa hiyo usiiache iwe mwenyeji pekee. Akaunti binafsi ya Google inakupa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua, Drive na picha, na tangu 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Ingia hata mara moja kwa mwaka.

Naweza kuweka picha za wanafunzi wangu wa mazoezini? Au za wagonjwa?

Hili silifanyii mzaha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ina Kamishna wa Data. Picha ya mtu ni data yake binafsi. Akiwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi; mwalimu mkuu kukukaribisha shuleni si idhini ya kumpiga picha mtoto wa mtu na kumpandisha mtandaoni. Habari za afya zimewekwa katika kundi la data nyeti. Kwa wa uuguzi na udaktari jibu langu ni fupi: hakuna picha ya mgonjwa, hakuna jina, hakuna namba ya kitanda, hakuna picha ya eksirei yenye maandishi pembeni. Eleza ulichofanya wewe.

Madaftari yanapigika bila uso wala jina. Darasa linapigika kutoka nyuma, lakini hata visogo vina sare, na sare ina nembo. Simu nyingi pia huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla hujaingia shuleni.

Haki hiyo ni yako pia. Potifolio yako isifunguliwe kwa dunia nzima kwa sababu tu mhadhiri anataka kuisoma. Ianze ikiwa imefungwa, wewe na mimi tu, kisha uamue mwenyewe nani mwingine aone.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa wanafunzi wangu, Kiswahili, bila shaka. Kwa idara nyingine, ulizeni, lakini ulizeni mkijua kwamba Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 imezitaja lugha zote mbili kuwa rasmi. Nimeona mwanafunzi wa uhandisi akiandika tafakuri za Kiingereza zilizonyooka kama ripoti na zisizo na mtu ndani yake. Nilimwomba ajaribu moja kwa Kiswahili, akaja na kurasa 2 kuhusu jinsi alivyoogopa kumwambia fundi mzee kwamba vipimo vimekosewa, akamwita "mzee wangu" mara tatu kabla ya kulitaja kosa lenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa atachimenti yake.

Sheng? Ndani ya nukuu, ndiyo. Watoto wakisema hivyo, andika walivyosema.

Nikitumia ChatGPT kuandika tafakuri?

Utaniandikia tafakuri nzuri ya mtu ambaye si wewe. Huwa zinafanana: somo lilikuwa safari, changamoto zilikuwa fursa. Nikikuuliza "ulijuaje?" hutakuwa na daftari la kunionyesha.

Akili unde kukurekebishia tahajia, sawa, taja tu kwamba ulifanya hivyo. Na kwa kuwa tuko Nairobi, tuseme lililo wazi. Jiji hili lina vijana wengi werevu waliolipwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, na baadhi yenu mmekaa usiku kucha kwa kazi hiyo. Mnajua vizuri kuliko mimi kwamba insha moja huuzwa kirahisi. Mfululizo wa rasimu za miezi 4, wenye picha za mkono wako na sauti yako, ukikosea, ukirudi, ni kazi ngumu mno kumwandikia mtu. Ndiyo maana ninataka rasimu zenye tarehe.

Kazi ya kundi je?

Weka kazi nzima, kisha useme sehemu yako ni ipi. Kama mlikuwa 6 na waliofanya ni 2, andika ulichofanya wewe, waliobaki waache na nafsi zao.

(Mhadhiri anauliza) Nina darasa la wanafunzi 160. Nitazisoma saa ngapi?

Hutazisoma zote, na mtu asikudanganye kwamba utaweza. Dakika 15 kwa kila mmoja ni saa 40, wiki nzima ya kazi bila chai. Mimi nilijaribu mwaka wa kwanza nikaishia kuandika "vizuri" kwenye kurasa nisizozifungua, na wanafunzi walijua, kwa sababu mfumo ulikuwa unaonyesha nani amefungua nini. Aibu ile sijaisahau.

Sasa nafanya hivi. Kila mwanafunzi huchagua kazi 2 kati ya 6 za kutuzwa alama. Zile 4 husomwa na wenzake watatu, na kila msomaji lazima aache swali moja, lisiwe sifa. Mimi hupita mara mbili kwa muhula: wiki ya 4, dakika 3 kwa kila mmoja kuacha swali, na wiki ya 12 kutuza. Ile safari ya wiki ya 4 ndiyo yenye faida. Mwanafunzi anayeulizwa mapema ana muda wa kurudi kwenye madaftari. Anayesomwa mara ya kwanza wiki ya 12 anapokea hukumu tu.

Kama idara yako haitaki kukupunguzia kitu kingine, usianze. Potifolio iliyorundikwa juu ya CAT 2, insha na mtihani itachukiwa na pande zote mbili. Mimi niliondoa CAT moja, na kikao cha kuiondoa kilichukua muda mrefu kuliko kuandaa mwongozo wote wa potifolio.

(Mhadhiri anauliza) Natuza nini? Urembo wa ukurasa?

Urembo sifuri. Wenye kompyuta nzuri na binamu mbunifu watashinda kila mara ukiutuza. Mwongozo wangu una alama 30: uteuzi wa kazi na sababu za uteuzi, 6, ushahidi unaoonekana, 8, tafakuri inayoutumia ushahidi huo, 10, na badiliko kati ya kazi ya mapema na ya baadaye, 6. Wape mwongozo siku ya kwanza, pamoja na potifolio moja dhaifu na moja imara wazituze wenyewe darasani. Saa hiyo moja huokoa maswali ya miezi mitatu.

Mwajiri ataisoma kweli?

Yote, hapana. Usimtumie mwajiri kiungo cha potifolio ya masomo yenye maingizo 40. Nakili, uchague kazi 3 au 4, uzipange upya kwa ajili ya kazi unayoomba. Kosa moja liache ndani, lile uliloligundua mwenyewe na kulirekebisha, kwa sababu kwenye mahojiano utaulizwa "tueleze wakati ulipokosea", na wengi hapo hubuni hadithi. Wewe utakuwa na tarehe na picha.

Nimewasilisha kiungo lakini mhadhiri anasema hakifunguki.

Ndiyo baruapepe ninayoipokea zaidi usiku wa mwisho wa kuwasilisha. Kwako kinafunguka kwa sababu umeingia kwenye akaunti yako. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, au azima simu ya mwenzako, ubandike kiungo hicho. Kikidai nenosiri, nenda kwenye mipangilio ya kushiriki uongeze baruapepe yangu ya chuo, ile iliyo kwenye mwongozo wa kozi, si ile ya zamani mnayoipata kwenye kundi la WhatsApp la waliowatangulia. Kagua na kila picha na sauti iliyounganishwa ndani, maana ukurasa unaweza kufunguka huku faili zake zikiwa zimefungwa. Fanya hivyo Alhamisi. Tarehe ya mwisho ni Ijumaa saa 11 jioni, na saa 11 na nusu ninakuwa Thika Road kwenye msongamano wa magari, simu ikiwa mfukoni.